Figa la Bi Waridi

Nilisema mtoto aliivuta sufuria. Hakuivuta.

Naanza na hilo kwa sababu mengine yote nimekwisha kuyaungama. Padri alinipa sala, nikazisali juu ya sakafu ya saruji mpaka magoti yakaota sugu. Hilo moja nililimeza, likanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo nalitoa, na nalitoa pamoja na habari ya Bakili fundi cherehani, kama alivyonihadithia mwenyewe, mara tatu, na mara zote tatu hakubadilisha neno.

Ilikuwa mwaka wa themanini na moja, miaka ya foleni. Tulikaa Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani bomba moja na bafu la mabati. Bakili alikuwa mtu wa Kilwa, akishona barazani. Mkewe Sabaha alikuwa amekwenda kwao kumuuguza mama yake, na mvua zikaifunga barabara ya kusini nyuma yake. Kwa hiyo Bakili alibaki na binti yao mmoja, Sitara, wa miaka minne, mtoto mwenye maswali kuliko hakimu.

Chumba cha mwisho, kile cha kuelekea uani, kilikuwa na kufuli. Humo alikuwa akikaa Bi Waridi, ajuza wa Rufiji, muuza vitumbua. Siku aliyokata roho alituita wapangaji wote. Hakutaja godoro, hakutaja sanduku. Alisema hivi:

"Mafiga yangu yasiguswe mpaka arobaini yangu. Mdogo wangu atakuja kuyachukua. Mtu asipike juu yake. Mtu asiyasogeze."

Mafiga yenyewe yalikuwa mawe matatu tu, meusi kwa masizi, yamezama ardhini pale uani alipopikia miaka ishirini. Sote tukasema, "Haya, bibi." Nani atakataa ombi la mtu anayekufa? Na nani ana haja na mawe?

Lakini miaka ile mawe yalikuwa na kazi, na asiyeyaona mambo hayo lazima nimweleze. Mtu hakupanga foleni kwa miguu. Ukisikia duka la ushirika litapokea bidhaa kesho, unakwenda jioni unaweka jiwe lako kwenye mstari, unarudi kulala. Alfajiri unakuja, unasimama penye jiwe lako, na hakuna wa kukugusa. Jiwe lilikuwa mtu. Watu wakihesabu foleni walihesabu mawe na kusema, "Tuko arobaini na wawili."

Sasa Jumapili moja, jua linakaribia kuzama, Mzee Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi, akapita mlango kwa mlango akinong'ona: kesho sukari, na unga wa yanga, ule wa njano. Bakili alikuwa na siku tisa hajampa mwanawe uji wenye sukari. Akaacha cherehani, akatoka kutafuta jiwe.

Hakupata. Mtaa mzima haukuwa na jiwe. Walikwisha kuchukua hata yale yanayozuia milango.

Akarudi, akapita ukumbini, akatokea uani. Akayaona matatu yale.

"Naazima tu, bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho asubuhi nalirudisha."

Akainama, akalishika moja kwa mikono miwili. Liligoma kwanza. Kisha likang'oka, na lilitoa sauti... kama jino.

"Baba, bibi anasema weka."

Sitara alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwanasesere wa vitambaa aliyeshonewa na baba yake.

"Bibi gani, mama?"

"Huyu." Akaelekeza kidole kwenye mafiga yaliyobaki.

Bakili akaona ni maneno ya kitoto. Mwanamke jirani alikuwa chumbani anachambua dagaa, akamwita, "Mama Eliasi, niangalizie mtoto, narudi sasa hivi." Mama Eliasi ndiye mimi. Jina langu la ubatizo Scholastika.

Pale dukani mstari ulikuwa umefika kona. Mawe, ndoo iliyotoboka, kandambili mbili zilizofungwa kwa kamba. Bakili akalitua la kwake, akatoa chaki ya ushonaji mfukoni, akaliandika herufi B. Sadalla muuza kahawa alikuwa amekaa hapo na birika lake.

"Fundi," akasema, "jiwe gani hilo? Wenzako wameleta mawe, wewe umeleta mkwe wa Ibilisi."

Watu wakacheka, na Bakili akacheka nao, akakaa kunywa kahawa, maongezi yakamchelewesha. Lakini akawa anajifuta viganja kwenye suruali, na masizi hayatoki. Kitu kingine alikijua yeye peke yake. Jiko lile halikuwashwa siku thelathini na tisa. Na jiwe, upande wa chini, lilikuwa na joto.

Hapo ndipo aliposikia ukelele kutoka mtaani kwao.

Alipofika uani, watu wamejaa. Sitara alikuwa chini karibu na bomba, mke wa Mzee Shomari anammwagia maji ya ndoo, na mwingine anang'ang'ania apakwe samli. Uji wa sufuria nzima, uliokuwa ukitokota, ulikuwa umemmwagikia kifuani, tumboni na mkono wote wa kushoto. Gauni limegandamana na ngozi. Mtoto halii. Ametoa macho, anatetemeka, halii.

"Imekuwaje?" Bakili aliuliza.

"Aliivuta sufuria," Mama Eliasi alijibu. "Nimegeuka tu, akaivuta."

Jumapili ile, kama Jumapili zote za wakati ule, magari ya watu yalikatazwa baada ya saa nane mchana ili kubana mafuta. Barabara nyeupe. Bakili akamfunga mwanawe kwa khanga iliyolowa, akakimbia. Akapita Mnazi Mmoja, akaingia Upanga, miguu haina viatu, hajui viatu vimebaki wapi. Alichokuwa akisema njia nzima ni "Ya Latifu, Ya Latifu," na kila akimeza mate alisikia harufu ya uji mdomoni mwake.

Hospitalini walimpokea vizuri. Daktari alikuwa kijana mpole. Wakamsafisha, wakamfunga bandeji, wakamtundikia chupa ya maji.

"Sikufichi, ndugu yangu," alisema. "Mtoto mdogo akiungua kiasi hiki, maji yanamwishia mwilini. Akivuka kesho usiku, tuna matumaini. Mama yake yuko wapi?"

"Kilwa. Njia imekatika."

"Basi wewe ndiye mama."

Sitara alipofumbua macho, baba yake alimwinamia.

"Mama, kwa nini uliivuta sufuria?"

"Sikuivuta, baba."

Hofu ina ukali wake. Bakili alikuwa hajakaa, hajala, mikono yake ina ngozi ya mwanawe. Akasema, "Usiseme uongo, mwanangu. Mwenyezi Mungu hapendi."

Mtoto akamtazama kwa muda. Kisha akageuza uso ukutani.

Hakulisema neno hilo tena.

Jumatatu, hali ikawa ya ajabu. Joto la Dar unalijua, na wodi ilikuwa kama tanuri la mikate, akina mama wanajipepea kwa vipande vya gazeti. Lakini Sitara alikuwa wa baridi. Bakili akamshika unyayo, ukawa kama umetoka kisimani. Meno yanagongana. Nesi Elisaria, mama mtu mzima wa Kipare, alimwongezea blanketi la pili, kisha la tatu, na chupa nyingine ya maji. Alipolivuta shuka kulinyoosha, akasimama.

"Ndugu, nani kaleta majivu hapa?"

Majivu yalikuwa kwenye shuka, upande wa ukutani, ambako hakuna nafasi ya mtu kukaa. Yamekandamizwa kama mtu aliyekaa kitako hapo.

"Sijui, nesi."

Nesi Elisaria aliyapangusa kwa kiganja. Akakinusa kiganja. Akaenda kunawa, na akanawa muda mrefu.

Alasiri, saa tisa imepita, mtoto akanong'ona. Bakili akalaza sikio karibu na mdomo wake. Pumzi ya mtoto ilinuka moshi wa kuni.

"Baba... bibi anasikia baridi."

"Bibi yupi?"

"Anasema mafiga ni matatu. Anasema leo magharibi anainjika chungu. La tatu halipo."

"Halafu?"

"Anasema lisipokuwapo, ataweka kingine."

"Ataweka nini, mama?"

Mtoto akafumba macho.

"Mimi."

Bakili akahesabu kwa vidole vya mkono. Akarudia. Bi Waridi alikufa Alhamisi. Hesabu ilikuwa ile ile kila alipoirudia. Leo ni arobaini.

"Nesi," akasema, "nakuomba usimwache. Narudi."

"Unakwenda wapi na mtoto hali hii?"

"Kuna kitu cha watu nilichukua."

Nesi Elisaria akatazama pale penye shuka. "Kimbia," akasema.

Dukani, mlango ulikuwa umefungwa. Sukari ilikwisha saa nne asubuhi, unga wenyewe haukuja. Barabarani hapana jiwe hata moja. Sadalla alikuwa anaosha vikombe vyake.

"Mawe yako wapi?"

"Pole na mtoto, fundi, tumesikia..."

"Mawe, Sadalla."

"Mgambo wameyazoa. Wanasema yanachafua mji. Wamepakia mkokoteni, wakaenda kuyamwaga kule pembeni ya Mnazi Mmoja, penye dimbwi." Akamtazama vizuri. "Jiwe tu, fundi. Mungu atakupa mengine."

Penye dimbwi kulikuwa na rundo la kimo cha mtu. Kila jiwe la foleni za Kariakoo lilikuwa pale, mamia. Mvua ya usiku ilikuwa imeyaosha, na chaki yote imeondoka. Na masizi nayo: mengi yalikuwa meusi, kwani watu wengi walitoa mawe jikoni. Bakili akapiga magoti kwenye tope. Akaanza. Anainua moja, analigeuza, analitupa kando. Anainua jingine. Jua limeshuka juu ya paa za Kariakoo. Wapita njia wakasimama.

"Mzee, umepoteza almasi?"

Kucha zikang'oka. Damu ikachanganyika na tope. Akaanza kulia kama mtoto, kamasi zinamtoka, mtu mzima, fundi anayeheshimika, na huku analitupa hili, anainua lile. Hajui anatafuta alama gani. Mawe yote yakawa na sura moja.

Jua likagusa mabati.

Ndipo akakumbuka lile joto la chini. Akaacha kutazama. Akafumba macho, akapitisha viganja juu ya rundo, taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa gizani kutafuta mshono. Baridi. Baridi. Baridi. Limelowa, baridi...

Moto.

Akautoa mkono haraka. Jiwe lilikuwa chini kabisa, ndani ya maji ya dimbwi, na maji yaliyolizunguka yalikuwa yanatoa mvuke mwembamba.

Akavua shati, akalifunga jiwe humo, akalikumbatia. Lilimuunguza kifuani kupitia kitambaa. Hakuliachia. Alisema mwenyewe kwamba alipata faraja kidogo: angalau sasa yeye na mwanawe wanaumia mahali pamoja.

Alipoingia mtaa wetu umeme ulikuwa umekatika. Watu wako misikitini au wanatafuta vibatari. Nyuma yake akasikia nyayo. Si viatu. Ni nyayo tupu, na khanga inayoburura vumbini. Akiharakisha, nazo zinaharakisha. Harufu ya moshi ikamjia, na harufu ya vitumbua... tamu tamu, ya mafuta ya nazi.

"Usigeuke, mwanangu," sauti ikasema karibu na sikio. "Ukigeuka nitakuwa mbele."

Hakugeuka.

Ukumbi ulikuwa giza. Akaupapasa ukuta mpaka uani. Na hapo inabidi nijitaje tena, kwa sababu nilikuwapo. Nilikuwa ndani ya bafu la mabati, nimechuchumaa, nachungulia kwenye tundu la msumari. Nilikuwa nimekuja kuondoa kitu kabla watu hawajakitazama vizuri. Nikasikia miguu ya Bakili, nikajificha.

Mimi nilimwona Bakili peke yake. Nataka uelewe hivyo. Yeye anasema alimwona mtu amechutama penye mafiga, amempa mgongo, amejifunika kaniki. Mimi sikumwona. Lakini kuna mtu alikuwa anapuliza majivu, na si Bakili.

Phuu... phuu...

"Shikamoo, bibi," Bakili akasema.

Umewahi kuamkia mtu mzima, akaiacha shikamoo yako ining'inie?

Phuu...

"Nimekosa, bibi. Nimelirudisha. Niachie mwanangu."

"Weka."

Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu. Lilikuwa kavu kama kijiti kinachovunjika.

Bakili akapiga magoti. Kwenye lile shimo la figa la tatu kulikuwa na kitu kimesimama. Akakitoa, akakiweka pembeni. Akalitia figa shimoni, likaingia lenyewe, likakaa. Adhana ya magharibi ikaanza.

Na ndani ya adhana ile, ile sauti ikauliza kwa upole kabisa:

"Na hili nusu tofali... ni la nani?"

"Sijui, bibi," Bakili akasema. Na kweli hakujua.

"Mimi nitamjua."

Majivu yakatimka yakapita uani. Yalipiga mabati ya bafu, kwangu, kama kiganja cha mchanga. Kisha Bakili akabaki peke yake, anapumua.

Sitara alipona. Nesi Elisaria alimwambia Bakili kwamba muda ule wa magharibi mtoto alitoa jasho ghafla, akatupa mablanketi, akaomba maji, akanywa vikombe viwili. Daktari alisema ni zile chupa zilizofanya kazi. Huenda. Asubuhi yake mdogo wa Bi Waridi akafika kutoka Rufiji, akayafunga mafiga kwenye gunia, akatushukuru kwa kuyatunza. Sote tukasema, "Haya, bibi."

Sasa la tofali.

Jumapili ile mkaa wangu ulikuwa umekwisha. Nikatoka uani na kuni tatu, nikakuta figa moja limeng'olewa. Nikasema moyoni: kama yamekwisha kuguswa, yameguswa, dhambi ni ya aliyetangulia. Nikaokota nusu tofali nyuma ya bafu, nikalisimamisha pale, nikainjika uji. Niliona sufuria imeinama. Niliona kwa macho yangu. Nikaliegemeza tofali kwa kijiti, nikaenda mbele kusikiliza redio. Niliporudi na kufika mlango wa uani, mtoto alikuwa amechutama tu karibu na moto, anamwimbia mwanasesere wake. Sufuria ilijiangukia.

Nikawaambia watu aliivuta. Bakili akaamini. Sabaha aliporudi naye akaamini, na yule mtoto akalelewa kwa neno hilo. Kovu lilipomvuta mkono ukawa haunyooki, walisema, "Ndiyo utundu huo." Kila nilipotaka kusema, nilikumbuka macho ya watu. Bakili alikufa akidhani ni yeye na jiwe lake peke yake. Labda ni Bi Waridi. Labda ni tofali langu. Labda marehemu hana mkono, mpaka sisi tumpe.

Lile nusu tofali nililitupa bonde la Jangwani. Jumapili, jua linazama, nikalikuta mlangoni kwangu. Nikasema ni watoto. Nikahama Kariakoo nikaja huku, nikalikuta. Halifanyi lolote. Linakaa tu. Lakini kila jioni ukiliwekea kiganja, lina joto, na kila mwaka limekaribia kitanda zaidi. Hapo ulipoegemeza mguu wako, ndilo hilo.

Sitara yuko Magomeni. Anashona kwa mkono mmoja, kazi safi kuliko ya baba yake. Mimi miguu yangu haifiki tena, na hata ingefika, sina uso.

Nakuomba kitu kimoja. Nenda kwake kesho, kabla ya magharibi. Mwambie hakuivuta.